Hodi kundini: dhana potofu kuhusu kutafiti wasanii mtandaoni

Nyumba ya kale ya Lamu haimpokei mgeni yote kwa mara moja. Ataketi kwanza dakani, yaani ukumbi wa mlangoni, penye mabaraza ya kukabiliana. Akiruhusiwa atapita kiwandani, yaani ua wa katikati ya nyumba, kisha misana, zile kumbi ndefu, na ndani kabisa huingia wachache. Kwa miezi kumi na minne nimefanya ethnografia ya kundi la WhatsApp la wachora hina wa hapa kwetu, na mpango wa nyumba hiyo umenifaa kuliko somo lolote la mbinu za utafiti nililowahi kufundishwa. Dhana ninazozieleza hapa nazisikia kwa wanafunzi wanaonijia, na baadhi nilianza nazo mwenyewe.

Dhana: Ni kazi ya kukaa na simu, haina uwanda wa utafiti

Ethnografia ni kukaa na watu hadi mambo yao ya kawaida yakuelee. Bronisław Malinowski, mmoja wa waasisi wa mbinu hii, alifanya kazi katika visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918. Tom Boellstorff, mwanaanthropolojia wa Marekani, alipotafiti wakazi wa Second Life, ulimwengu ulioundwa ndani ya kompyuta, naye alikaa humo zaidi ya miaka miwili, kati ya 2004 na 2007. Alijenga nyumba humo na kushiriki shughuli za wenyeji. Uwanda wangu ulikuwa kundi la watu mia na kitu wanaoamka mapema na kulala usiku wa manane msimu wa harusi. Daftari langu lina saa ya kila mazungumzo, aliyejibu, aliyenyamaza, na picha iliyofutwa kabla wengi hawajaiona. Hiyo iliyofutwa mara nyingi ndiyo iliyonifunza zaidi.

Dhana: Kilichotumwa mbele za watu ni cha kila mtu

Hapa ndipo watafiti wengi wanapoharibu. Picha ya hina ni kazi ya mchoraji, lakini mkono ni wa bibi harusi. Mchoraji akiituma kundini anawaonyesha wenzake wa ufundi jinsi alivyolikunja jani penye kiungo cha kidole, au jinsi piko, ile rangi nyeusi, lilivyoshika juu ya hina nyekundu. Hakumtumia mhadhiri aibandike ukutani kwenye mkutano wa chuo. Kundi lile ni daka: umekaribishwa kuketi, hujapewa ruhusa ya kufunua pazia la ndani.

Kwa hiyo ridhaa huombwa zaidi ya mara moja. Nilikuwa na kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, na admini alinikubalia, lakini admini hawezi kutoa ridhaa ya watu mia. Nilijitambulisha kwa sauti na kwa maandishi, nikarudia kila walipoingia wanachama wapya, na kwa kila picha nilimfuata mwenyewe faraghani. Kwa mabinti waliokuwa chini ya miaka 18 nilikwenda nyumbani kwa mama zao. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na hata isingetaka, Lamu huchukui picha ya mkono wa mwari bila mamake kujua.

Dhana: Hesabu ya sifa ndiyo thamani ya kazi

Wapo wanaopendekeza programu ya kuhesabu maoni na vijipicha vya moyo. Nilijaribu wiki za mwanzo. Neno lililoongoza lilikuwa "Mashallah", nikaliandika kama sifa. Mchoraji mmoja wa mtaa wa Langoni alinitoa ujinga. "Dada, ile ni kinga. Usiposema, utaambiwa umemtia kijicho." Basi neno lile lile lilikuwa pongezi, adabu na hifadhi, na aliyekosa kulisema ndiye aliyezungumziwa jioni. Sifa yenyewe, ile ya fundi kwa fundi, ilikuja kwa ujumbe wa sauti nje ya kundi: "Ule mviringo wa kiganjani umeupataje?" Hakuna programu iliyoiona.

Dhana: Anayetazama kimya hana upendeleo

Anayetazama kimya hajulikani tu, basi. Wenzangu walianza kunieleza mambo siku nilipotuma ua langu la kwanza lililopinda, nao wakalirekebisha.

Dhana: Mtandaoni ni kwingine, mjini ni kwingine

Mwaka 2015 Christine Hine, mtafiti wa ethnografia ya mtandaoni, aliandika kwamba intaneti imejikita ndani ya maisha, inaishi mwilini, na ni ya kila siku. Kwa wachora hina hilo halihitaji ushahidi mrefu. Shaabani kundi lilifurika, kwa kuwa harusi nyingi hufanywa kabla ya mfungo. Ramadhani ikanyamaza hadi siku za mwisho kuelekea Idi. Ugomvi wa kuibiana maua ulioanza usiku kwenye simu ulimalizwa asubuhi uso kwa uso, mtaani Mkomani, mbele ya mama mtu mzima asiye na simu kabisa. Mtafiti aliyekaa Nairobi na nakala za mazungumzo angeona ukimya wa ghafla, asijue kwamba suluhu ilifanyika kibarazani.

Dhana: Ukibadilisha jina umemlinda mtu

Maneno yakinukuliwa neno kwa neno kutoka ukurasa ulio wazi hutafutika kwa dakika moja, na picha hali kadhalika. Hina ni wazi zaidi: wachoraji hujuana kwa mkono, na jani moja tu huwatosha kusema ni la nani. Zaidi ya hayo, wengine hawataki kufichwa. Mwaka 2002 Amy Bruckman, mtafiti wa Marekani wa jamii za mtandaoni, alishauri wanaounda vitu mtandaoni waangaliwe kama wasanii wasio wa kulipwa, ambao huenda wakastahili kutajwa, na kwamba kuficha kuna daraja zake, kutoka kidogo hadi sana.

Nilipomaliza rasimu niliwasomea watano kati yao kiwandani kwa mmoja wao, baada ya alasiri. Wa kwanza alitaka jina lake kamili na mtaa wake. Wawili walichagua majina ya bibi zao. Wa nne alisema vyovyote. Wa tano aliuangalia mchoro wake wa uk. 41 kwa muda, akasema ua lile alilibuni kwa ajili ya dadake aliyekwisha kufariki, na asingependa lichorwe na mwingine. Nimeutoa ukurasa wote.