Kuchora vitu vya kuchezea vya utotoni: dhana potofu zinazoharibu picha

Gari la waya lenye magurudumu ya vizibo vya soda, mwanasesere wa byayi (nyuzi kavu za mgomba), mpira wa majani makavu ya mgomba, ubao wa omweso (mchezo wa bao wa Uganda): vitu hivi vimelea watoto wengi wa Uganda, na vikipangwa mezani vinatoa picha nzuri mno. Yanayoiharibu kazi hii ni maneno machache yanayorithishwa bila kupimwa, na baadhi yake yalitungwa mbali kabisa na ikweta.

"Picha za vitu vya mezani ni za wanafunzi." Dharau hii ina umri. Mwaka 1667 André Félibien wa Ufaransa alizipanga picha kwa madaraja, na matunda, maua na kombe za baharini akaviweka chini kabisa. Alikuwa anapanga hadhi, hakuwa anapima ugumu. Anayedhani ni rahisi achore gari la waya.

"Chorea kwenye dirisha la kaskazini." Ulaya ni sawa, kwa kuwa huko jua hupita kusini na dirisha la kaskazini hupata mwanga uliotulia. Kampala iko karibu juu ya ikweta. Kuanzia Aprili hadi katikati ya Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga mtulivu. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi mambo hugeuka. Na usipange vitu uani saa sita mchana: jua likiwa utosini, kivuli hujificha chini ya kitu, na gari huonekana kama limebandikwa. Tumia dirisha moja, fungia mengine pazia, kisha kabla ya kushika brashi zungushia vivuli chaki mezani. Baada ya saa mbili vitakuwa vimehama, na chaki itakukumbusha ulikoanzia.

"Picha ya kuchangamka hutaka rangi kali kila mahali." Hili ndilo kosa linaloua picha nyingi. Kizibo chekundu huwaka kwa sababu ya majirani wake. Kikizungukwa na njano kali, kijani kali na bluu kali, hakuna kinachowaka, macho huchoka tu. Acha takriban robo tatu ya picha iwe ya rangi zilizotulizwa, kama ukuta wa kijivu chenye joto au meza ya mbao, na rangi safi iende sehemu mbili tatu unazotaka jicho litue.

Kutuliza rangi si kutia nyeusi. Nyeusi ndani ya njano huleta kijani cha matope. Tia tone la rangi iliyo kinyume: nyekundu kidogo ndani ya kijani, bluu ndani ya chungwa, zambarau ndani ya njano. Vivuli navyo ni vivyo hivyo. Upande wa kizibo chekundu usiopata mwanga ni nyekundu nzito yenye kijani kidogo, na mezani chini yake utaona wekundu hafifu uliorushwa na kizibo chenyewe. Unapohitaji giza la kweli, changanya bluu ya altramarini na hudhurungi nzito. Giza hilo lina uhai kuliko nyeusi ya chupa. Kumbuka pia kwamba akriliki, rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, ikikauka hukolea kidogo, basi jaribu rangi pembeni kwanza, ikauke, ndipo uamue.

Kizibo cha kawaida kina meno 21. Ukiyachora yote kwa ukali uleule, unapata msumeno. Chora wazi matano au sita yanayotazama dirisha, mengine yayeyuke kivulini. Gurudumu likitazamwa kwa mshazari ni duaradufu, na ncha zake hazichongoki kamwe. Ukiona pembe, rekebisha kabla ya kutia rangi.

"Waya huchorwa kwa kalamu nyeusi." Tazama waya mmoja tangu bampa hadi paa. Ukipita mbele ya ukuta mweupe ni mweusi, ukipita mbele ya kivuli ni mweupe, na mahali fulani unapotea kabisa. Mstari mweusi wa moja kwa moja hufuta yote hayo. Afadhali upake maumbo ya hewa yaliyo kati ya waya na waya. Gari litajitokeza lenyewe, na vipimo vitakuwa sahihi zaidi.

"Byayi ni kahawia." Ni kahawia ukiwa mbali. Karibu utaona rangi ya majani makavu, kijivu cha fedha mahali unyuzi ulipong'aa, na karibu weusi kwenye mikunjo. Kwa mpira, paka kwanza tufe zima kwa toni tatu, mwanga, kati na kivuli, ndipo ufuate kamba zake. Anayeanza na kamba huishia na kapu.

"Lubugo hauhitaji maandalizi." Lubugo ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba; hunywa rangi, na mafuta ya rangi yakigusa nyuzi tupu huziozesha taratibu. Ubandike kwenye plaiwudi, upake gundi nyeupe sehemu moja kwa maji sehemu tatu, mara mbili, kila mpako ukauke. Jaribu kipande kwanza, maana gundi huukoleza rangi. Na usipake akriliki juu ya rangi ya mafuta ya mabango, itabanduka.

"Kichore kikiwa kipya." Hapa tuna msimamo mkali. Kutu kwenye kiungo cha waya, sapatu iliyolika upande mmoja ilipokatwa kuwa gurudumu, uso wa mwanasesere uliofifia kwa kubebwa: hivyo ndivyo vinavyomsimamisha mtazamaji. Kutu ni chungwa lililotulizwa kwa bluu, lililopakwa kwa brashi karibu kavu, kwenye viungo na mikunjo tu, kwa sababu ndipo maji hukaa.