Kwa nini ng'ombe huugua mapafu baada ya safari

Nikifika mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kitu cha kwanza ninachotazama ni pua. Ng'ombe waliotoka Kanda ya Ziwa wamesafiri kwa lori wakiwa wamesimama na kubanana, maji ya shida. Wengi hushuka wazima. Siku chache baadaye baadhi yao huanza kukohoa, makamasi yanakuwa mazito, mbavu zinapanda na kushuka hata mnyama akiwa amelala. Mwenye mali husema, "Daktari, wameambukizwa hapa mnadani."

Bakteria ninayemshuku kwanza anaitwa Mannheimia haemolytica, na mara nyingi ng'ombe ametoka naye nyumbani. Huishi puani na kwenye tonsili za ng'ombe wenye afya bila kumsumbua yeyote. Kwa hiyo mimi huuliza kilichompa njia ya kushuka mapafuni wiki hii, wakati mwezi uliopita hakuweza.

Sehemu ya jibu imo kwenye jeni moja ninayoipenda sana. Mwaka 1991 watafiti nchini Marekani walichunguza utando wa koo la hewa la ng'ombe, wakakuta protini ndogo mno, yenye asidi amino (matofali yanayojenga protini) 38 tu, inayoua vijidudu. Waliiita TAP kwa kifupi. Ndiyo iliyotufungulia ukoo mzima wa protini za kinga ziitwazo beta-defensini, ambazo baadaye zilionekana hata kwa binadamu. Seli za koo la hewa zikigusa vipande vya ganda la bakteria, vipokezi vyake hupeleka habari hadi kwenye kiini, jeni ya TAP, yaani maelekezo ya kuitengeneza protini hiyo, inaanza kusomwa kwa kasi, na protini inamwagwa juu ya utando. Hilo huanza ndani ya saa chache.

Sasa mweke ng'ombe huyo kwenye lori. Kiu, njaa na hofu hupandisha homoni ya kotisoli. Maabara zimejaribu: seli za koo la hewa la ng'ombe zikipewa deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, jeni ya TAP husomwa kwa uchache hata bakteria akiwepo. Jeni haijaharibika. Ni ileile aliyozaliwa nayo, ila imenyamazishwa wakati inapohitajika kuliko siku zote. Wafugaji huniambia "ng'ombe wangu ana damu nzuri", nami nakubali, lakini damu nzuri haisemi lolote jeni ikiwa imezimwa.

Virusi huongeza balaa. Kuna kirusi cha BRSV, ndugu wa kile kinachowasumbua watoto wachanga wa binadamu. Kikiingia, seli huitambua RNA yake, yaani maelekezo yake ya kijeni, na kutoa interferoni, ambayo ni kilio cha kuwaamsha majirani. Jirani aliyesikia huwasha kundi kubwa la jeni, kama MX1, OAS1 na ISG15, ili kirusi kisipate pa kuzaliana. BRSV nacho kimejiandaa: kina protini mbili, NS1 na NS2, ambazo kazi yake ni kukandamiza kilio hicho. Wakati mvutano huo unaendelea, utando wa njia ya hewa unachubuka, na Mannheimia anashuka.

Hapo ndipo panaponiuma kila ninapofungua mapafu machinjioni na kuyakuta magumu, mazito, yamekuwa kama ini. Sehemu kubwa ya uharibifu ule imetoka kwa askari wa ng'ombe mwenyewe, yaani seli zake nyeupe za damu. Mannheimia hutoa sumu inayoshambulia seli nyeupe za wanyama wanaocheua tu. Inashika protini ya CD18 juu ya seli hizo. Kwa binadamu na wanyama wengi wengine, kipande cha mwanzo cha CD18 hukatwa protini inapotengenezwa. Kwa ng'ombe kinabaki, na sumu inakamata hapohapo. Seli inapasuka, inamwaga vimeng'enya vyake, na pafu linaungua kwa silaha zake.

Tofauti yote hiyo ni asidi amino moja. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba glutamini ikibadilishwa kuwa glisini mahali hapo, kipande kinakatwa, na seli nyeupe za kijusi cha ng'ombe ambacho jeni yake walikuwa wameibadilisha hivyo hazikudhurika na sumu ile. Mzee mmoja mfugaji aliponisikia nikieleza haya aliniuliza lini atapata fahali wa namna hiyo. Nilimwambia ukweli: asisubiri. Hata uteuzi wa kawaida wa mbegu huenda polepole hapa, kwa sababu uwezo wa kuhimili magonjwa ya mapafu umegawanyika katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo.

Anachoweza kukifanya leo ni kuzipa jeni alizonazo nafasi ya kusomwa. Kama kuna chanjo ya kutoa, aitoe wiki mbili au tatu kabla ya safari, mnyama akiwa ametulia, kwa kuwa seli za kinga zinahitaji muda huo kuchagua na kuzalisha kingamwili zinazofaa. Chanjo inayochomwa asubuhi ya kupakia inaingia kwenye mwili ambao kotisoli imeshaanza kuunyamazisha. Njiani wapumzishwe na wanyweshwe. Na wakishuka, wapewe maji kabla ya mtu yeyote kuanza kuwapanga kwa bei.