Kwa Nini Homa ya Ini C Inapona na B Bado

Kuna swali ninaloulizwa kila ninapotaja kazi yangu: ikiwa homa ya ini C inatibiwa ikaisha kabisa, mbona mwenye B anaambiwa ameze dawa miaka nenda miaka rudi? Wapo wanaodhani watafiti wameipa B kisogo. Hawajaipa. Tatizo ni mahali kirusi chake kinapojificha.

C ina maelezo mafupi. Kirusi chake ni cha RNA, yaani maagizo yake ya urithi yameandikwa kwa kemikali hiyo badala ya DNA, na maisha yake yote ndani ya seli ya ini hupita nje ya kiini cha seli. Hakiweki akiba. RNA yake huharibika upesi, kwa hiyo kisipotengeneza nakala mpya kila wakati kinatoweka. Dawa za sasa huzuia protini ambazo kirusi hutegemea kujizalisha. Ukizimeza wiki 8 hadi 12, nakala za zamani zinakwisha na mpya hazizaliwi. Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1989, sofosbuvir, mojawapo ya dawa hizo, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013, na leo zaidi ya watu 95 kati ya 100 wanaotibiwa hupona. Katika historia ya tiba sijui mambo mengi yaliyokwenda kasi namna hiyo. Angalizo moja tu: kirusi kikiisha, makovu mazito yaliyokwisha kujengeka hayaondoki siku hiyo hiyo, na mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu hayo, bado anahitaji kuchunguzwa kila baada ya miezi 6 kwa sababu ya hatari ya saratani.

B ni habari nyingine kabisa. Kirusi chake kinapoingia kwenye seli, DNA yake husafirishwa hadi ndani ya kiini, na huko vimeng'enya vya seli yenyewe, vilivyowekwa kukarabati DNA yetu, vinaikarabati na hiyo ya mgeni. Matokeo yake ni duara dogo la DNA lililofungika pande zote, imara, linaloweza kukaa humo miaka mingi. Kutoka kwenye duara hilo seli husoma maagizo ya kutengeneza virusi vipya.

Sasa tazama tenofovir na entecavir, vidonge vya sasa vya B, zinafanya kazi wapi. Zinazuia hatua ya baadaye, pale RNA ya kirusi inapogeuzwa tena kuwa DNA ya virusi vipya. Duara haziligusi. Ni sawa na kukata machipukizi huku kisiki kikiwa ardhini. Ndiyo maana kipimo cha wingi wa virusi kinaweza kusoma «havionekani» kwa miaka, kisha mgonjwa akiacha dawa kwa uamuzi wake virusi vinarudi, mara nyingine kwa kishindo kinachoweza kuliangusha ini. Hilo halifanyi dawa kuwa za bure: zinatuliza uvimbe, zinapunguza makovu, na hatari ya saratani inashuka, ingawa haifiki sifuri. Sehemu ya sababu ni kwamba vipande vya DNA ya kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vya seli, na ndiyo maana mwenye B anaweza kupata saratani ya ini hata kabla ya sirosisi.

Kwa nini basi tusilivunje duara lenyewe? Tunajaribu, ila kwa muda mrefu hata vifaa vya kujaribia vilitukwamisha. Panya hawaambukizwi kirusi hiki, na seli nyingi za ini tunazokuza maabara zilikuwa zinakikataa. Mwaka 2012 timu ya Wenhui Li mjini Beijing iligundua mlango wake: protini iitwayo NTCP, ambayo kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo kwenye seli. Ukiiongeza kwenye seli za maabara, kirusi kinaingia. Ugunduzi huo ulibadilisha kazi yetu ya kila siku. Dawa ya bulevirtide, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020 kwa homa ya ini D, hufanya kazi kwa kuuziba mlango huohuo, maana kirusi cha D huazima koti la B, yaani ganda lake la nje lenye protini.

Mkasi wa vinasaba, yaani zana za kukata DNA mahali palipochaguliwa, unasisimua, lakini binafsi nina wasiwasi nao: ukikata duara, unaweza pia kukata vipande vilivyojipachika kwenye DNA ya mgonjwa. Matumaini yangu ya karibu yako kwenye dawa zinazoharibu RNA ya kirusi, ili protini ya koti ipungue kwenye damu na kinga ya mwili iamke. Protini hiyo, ambayo mtafiti Baruch Blumberg na wenzake waliielezea mwaka 1965 kabla ya kujua ni ya kirusi gani, humwagwa kwa wingi kupita virusi vyenyewe na inaaminika kuichosha kinga. Ikitoweka kwenye damu ikabaki imetoweka baada ya dawa kusimamishwa, tunauita uponyaji wa kiutendaji. Kwa vidonge vya sasa, wanaofikia hapo ni wachache sana kila mwaka.

Jambo moja la kumwuliza daktari wako: kabla ya kuanza dawa za C, je, umepimwa B? Virusi hivi viwili vikiwa pamoja, mara nyingi C humkandamiza mwenzake. Ukimwondoa C, B anaweza kuamka, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwenye dawa zote za aina hiyo.