Bill Withers: dhana potofu na ukweli

Eti wimbo "Ain't No Sunshine" ni wa Michael Jackson. Hii ndiyo nasikia mara nyingi zaidi, na inaniuma, kwa sababu inamnyang'anya mtunzi jasho lake. Wimbo ni wa Bill Withers, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, aliyeutoa mwaka 1971. Michael, akiwa bado mtoto, aliurudia mwaka uliofuata. Vivyo hivyo "Just the Two of Us": kabla Will Smith hajauchukua mwaka 1998, Withers alikuwa ameuimba akiwa na mpiga saksafoni Grover Washington Jr.

Wengine hudhani alilelewa na muziki tangu utotoni. Sivyo hata kidogo. Alizaliwa mwaka 1938 Slab Fork, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko West Virginia, akakua na kigugumizi. Alitumikia jeshi la majini la Marekani miaka tisa. Alipofika Los Angeles mwaka 1967 aliajiriwa kiwandani, akitengeneza vyoo vya ndege, huku akirekodi nyimbo za majaribio kwa fedha zake. Albamu ya kwanza ilitoka akiwa na miaka 32. Kwenye jalada amesimama na kisanduku chake cha chakula cha mchana, nje ya kiwanda. Hakuwa na haraka ya kuacha kazi ile, maana aliuona muziki kuwa riziki isiyotabirika. Mimi naisikia busara hiyo katika uimbaji wake wote: hana papara.

Je, kurudia "I know" mara 26 katika "Ain't No Sunshine" kulikuwa ufundi uliopangwa? Hapana. Sehemu ile alikusudia kuitungia maneno. Mtayarishaji Booker T. Jones na wanamuziki waliokuwepo studio wakamwambia aiache kama ilivyo, naye, mgeni mbele ya wazoefu, akakubali.

"Lean on Me" si wimbo wa dini, ingawa makanisa mengi yanauimba. Aliutunga akiwakumbuka majirani wa Slab Fork, watu waliobebana katika shida. Mwaka 1972 ulishika namba moja Marekani.

Kuna pia wanaoamini kwamba soul, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, bila kelele na miruko si soul. Septemba 1974, kwenye tamasha la Kinshasa, Withers alipanda jukwaa moja na James Brown, bingwa wa kelele na miruko hiyo, akakaa na gitaa lake, akaimba taratibu. Kwangu mimi hapo ndipo alipoonyesha nguvu yake yote.

Lakini dhana inayomdhulumu zaidi ni kwamba alipotea kwenye muziki kwa sababu alikwisha: sauti imechoka, au fedha zimeisha. Mwaka 1977, katika "Lovely Day", alishikilia noti moja kwa takriban sekunde 18. Hiyo si sauti iliyochoka. Kilichomchosha ni wakubwa wa kampuni za kurekodi. Kampuni yake ya kwanza, Sussex, ilianguka mwaka 1975, akahamia Columbia. Huko walimkatalia nyimbo zake, wakataka kumpangia cha kuimba. Mmoja alimpendekezea arudie wimbo wa Elvis Presley, yeye mtunzi wa vibao vyote vile! Kati ya 1978 na 1985 hakutoa albamu hata moja. Iliyotoka 1985 ikawa ya mwisho. Akaondoka kwa hiari, akabaki na familia na mirabaha ya nyimbo alizozitunga mwenyewe. Na nyimbo hizo hazikulala: mwaka 1987 kundi la Club Nouveau liliurudisha "Lean on Me" namba moja, naye akapata Grammy ya mtunzi mwaka uliofuata. Mwaka 2015 Stevie Wonder alimkaribisha katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuenzi wanamuziki mashuhuri. Mtu aliyekwisha haalikwi mahali kama pale.

Tena hakuuawa na korona, ingawa alifariki ugonjwa ule ukiwa umeanza kusambaa. Ni moyo, tarehe 30 Machi 2020, akiwa na miaka 81.