Upatanifu wa nyuzi: jinsi kuvu zinavyotambuana chini ya gome

Ukipita kwenye mashamba ya mikorosho ya Masasi, Newala au Ruangwa, hukosi kukuta mti unaotoa utomvu. Gome limepasuka, gundi ya kahawia imeganda juu yake, na ukikwangua kwa kisu unaona sehemu ya ndani imekwisha kuwa nyeusi. Mara nyingi anayetajwa hapo ni kuvu iitwayo Lasiodiplodia theobromae, inayoingilia penye jeraha, kama pale tawi lilipopogolewa. Salfa tunayopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, haiifikii huko ndani.

Mwili wa kuvu ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele. Nyuzi za kuvu mbili zikikutana huweza kuungana, na vilivyomo ndani ya seli vikahama kutoka huku kwenda kule. Lakini jeni zikipishana, seli zilizoungana hufa papo hapo na njia inafungwa. Huko kukubaliana au kukataana ndiko tunakoita upatanifu wa nyuzi. Kuvu zinazopatana tuziite ukoo mmoja.

Mfano uliochunguzwa sana ni wa mchesinati, mti unaozaa kokwa za kuchoma na kula. Kuvu ya gome lake, Cryphonectria parasitica, ilitoka Asia ikaonekana New York mwaka 1904. Katika nusu karne iliua mabilioni ya miti Marekani. Ulaya nayo iliingia, ila miaka ya 1950 huko Italia watu waliona jambo la kushangaza: madonda ya baadhi ya miti yalikuwa yanapona yenyewe. Kuvu ilikuwa inaumwa! Ilikuwa na virusi vilivyoipunguzia makali.

Virusi hivyo havina ganda na haviruki na upepo peke yake. Vinapita kwenye nyuzi zilizoungana, au vinabebwa ndani ya mbegu ambazo kuvu huzitoa bila kujamiiana. Kwa hiyo kila kitu kinategemea upatanifu. Kuvu hii ina sehemu sita za vinasaba zinazojulikana vizuri kwa kazi hiyo, na kila moja ina angalau maumbo mawili. Zidisha mbili kwa mbili mpaka zitimie mbili sita, unapata angalau koo 64. Tofauti kwenye sehemu moja tu mara nyingi inatosha kuvizuia virusi. Sehemu nyingi za Ulaya zilikuwa na koo chache, virusi vikaenea na miti ikapata nafuu. Marekani koo ni nyingi mno, na tiba hiyo imekwama.

Hata fusari ya migomba, kuvu inayoinyausha, watafiti waliipanga katika makundi kwa upatanifu huuhuu, kabla kusoma vinasaba hakujawa rahisi. Kwangu hapa ndipo penye uzito: jina la kuvu ni mwanzo tu, swali linalofuata ni la ukoo.

Kwenye kuvu ya mchesinati kipimo cha kujua ukoo hakihitaji mashine kubwa. Vipande viwili vya kuvu, kila kimoja kutoka donda lake, huwekwa kwenye sahani moja yenye chakula, vikiachana kidogo, kisha vinaachwa vikue. Baada ya siku kadhaa nyuzi zinakutana katikati. Zikichanganyika hata usijue mpaka uko wapi, ni ukoo mmoja. Ukiona mstari umejichora kati yao, hizo ni koo mbili, hata kama zote zimebanduliwa kwenye mti mmoja.