Joto la Tabora si joto la kifaranga

Wiki hii nimeambiwa tena: "Bwana mifugo, Tabora hii na jua lote hili, kifaranga wa nini kumwashia moto?" Aliyesema ni mama mmoja wa mtaa wa Isevya, mtu makini kabisa, aliyeagiza boksi la vifaranga chotara ili wanawe wajifunze kufuga wakati wa likizo. Nilipofika, watoto walikuwa nyuma ya nyumba wanachimba shimo la kuzikia. Nimechoka kukuta watoto wakizika vifaranga kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

Mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua linachoma kweli, na Oktoba kila mtu anatafuta kivuli cha mwembe. Lakini usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi joto 15 hivi, na kuanzia saa tisa usiku mpaka alfajiri sakafu ya saruji ni ya kutisha. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35 pale pale anapokanyaga, usiku na mchana. Chumba cha nyuzi 28, ambacho wewe unakaa ukijipepea, kwake ni baridi. Ana vinyoya laini tu, na mwili wake bado haujaweza kujitengenezea joto la kutosha. Kuku mwenyewe ana joto la nyuzi karibu 41, na wanawe huingia chini ya mbawa zake kila mara, hata saa sita mchana. Wa kwenye boksi hawana pa kuingia.

Na baridi haiui papo hapo. Hapo ndipo watu wanapopotea. Kifaranga aliyepoa haendi kwenye maji, hali, anasinzia. Kiini cha yai kilichobaki tumboni, kile kinachomwezesha kusafirishwa kwa basi kutoka mbali bila kula, hakitumiki vizuri. Anakufa siku ya nne au ya tano, wakati usiku ule wa kwanza umeshasahaulika. Basi lawama zinaanza: kideri (ugonjwa wa Newcastle), jicho la jirani, waliototolesha. Kisha mtu anakimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na antibiotiki ya kuwanywesha ndege ambao walihitaji moto tu. Sikatai kwamba vituo vya kutotolesha navyo hukosea. Vitovu vilivyooza na kuhara kweupe vinaweza kuanzia huko. Lakini nikikuta wamelundikana kona moja, wa chini wamebanwa mpaka wakakosa pumzi, sina haja ya kupasua tumbo.

Halafu kuna wanaosema, "Lakini nimewasha taa." Taa gani? Hizi za kisasa za kubana umeme zinatoa mwanga, joto lake si la kulea kitu. Inatakiwa taa nyekundu ya joto, au zile balbu za zamani za waya. Umeme ukikatika, na utakatika, uwe na madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kanga, uyaweke katikati ya bruda, yaani pale unapolelea vifaranga kwa joto. Mkaa ndani ya chungu unafaa sana, ila usilale nao. Mkaa ulioshika vizuri hauna moshi, na hewa yake huua watoto wako pamoja na vifaranga bila harufu yoyote. Bruda ya mkaa ikae chumba kisicholaliwa na mtu, dirisha likiwa wazi kwa juu.

Washa kabla boksi halijafika stendi. Maranda au pumba za mpunga zinachukua saa nyingi kushika joto, na kifaranga hupoa kuanzia miguuni. Mshike mmoja, mguse miguu kwenye shavu lako. Ukisikia ubaridi, sakafu yako bado, hata kama kipimajoto kilichoning'inia juu kinasema 34.

Hapa ndipo familia inapohusika, na ndiyo maana nawapenda wanaoleta vifaranga nyumbani pamoja na watoto. Hakuna kifaa kinachowashinda watoto wanaokaa kuzunguka bruda. Wakubwa tunachungulia tukaondoka. Wao wanalala kifudifudi wanaangalia. Wafundishe wanachokiona. Wamelundikana chini ya taa na wanalia kwa sauti kali: wana baridi. Wamekimbilia ukingoni, mabawa wazi, midomo wazi: joto limezidi. Wote wako upande mmoja: kuna upepo unaingia. Wametawanyika, wanalia chini kwa chini, mmoja anakula, mwingine anaanguka usingizi katikati ya chakula: hapo raha mustarehe. Waambieni mapema kuhusu huo usingizi, maana hulala wamejinyoosha kabisa na mtoto atapiga ukelele kwamba amekufa.

Jioni wapapase gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, taratibu, watoto wakiwa wamekaa chini ili kifaranga asidondoke kutoka juu. Gole laini lililojaa, amekula akanywa. Gumu, amekula bila maji. Tupu, hajafika kwenye chakula, na mara nyingi sababu ni baridi tena. Mikono ioshwe kwa sabuni baadaye, na habari ya kuwabusu mdomoni iishe, kwa sababu kifaranga mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha watu.

Kuhusu maji kwanza au chakula kwanza, tulisomeshwa maji yatangulie. Siku hizi wengi wanaweka vyote pamoja. Nimeona njia zote mbili zikitoa kuku wazuri, na siwezi kumgombeza mtu kwa hilo. Hata glukosi ya kuwawekea kwenye maji naipa shaka: vifaranga waliofika kwenye bruda yenye joto na maji safi sijaona wakiihitaji. Weka kokoto kwenye chombo cha maji wasizame. Usitandike gazeti linaloteleza, miguu itatanuka. Chanjo ya kideri siku ya 7, ya ugonjwa wa Gumboro siku ya 14, maji ya chanjo yasiwe na klorini.

Vitabu vinasema punguza nyuzi 3 kila wiki. Ni sawa kwa banda kubwa lenye mitambo. Kwa chungu cha mkaa pale mtaa wa Ng'ambo sidhani kama kuna anayeweza kufuata hesabu hiyo, na wala si lazima. Wakianza kukwepa joto, inua taa au punguza mkaa. Mabawa yakiota manyoya, kwenye wiki ya tatu, zima mchana uwashe usiku. Ikiwa ni Juni au Julai, ongeza wiki nyingine ya kuwasha usiku, hata jirani akikuambia Tabora kuna joto.