Cheti cha AGPO Hakikodishwi

Tangu mwaka mpya wa fedha uanze, malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kuhusu AGPO, mpango wa Kenya wa kuwatengea akina mama, vijana na watu wenye ulemavu sehemu ya zabuni za Serikali, yameongezeka, na mengi huanza vivi hivi: "Nina cheti, lakini sipati tenda." Humo yamo malalamiko ya haki, nami nitayafikia. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawapendi kuambiwa: cheti kinakupa nafasi ya kushindana na wenzako wa kundi lako. Hakuna mahali sheria iliposema kila mwenye cheti atapewa kazi.

Sheria inasema nini basi? Ibara ya 227 ya Katiba ya 2010 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu, na papo hapo inaruhusu upendeleo kwa wale waliobaguliwa au kuumizwa na ushindani usio wa haki. Kifungu cha 53(6) cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 kikaweka kiwango: angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi. Ni asilimia 30 ya fedha, si ya idadi ya zabuni. Taasisi inayowagawia akina mama maji ya chupa na chai ya mikutano mwaka mzima, huku majengo na barabara zikienda kwingine, haijaitimiza sheria hata kama orodha yake ya wagavi wanawake ni ndefu. Wakuu wa taasisi wanalijua hili. Zabuni kubwa inaweza kugawanywa katika mafungu ambayo biashara ndogo inayaweza, mradi kugawanya huko kusiwe njia ya kukwepa ushindani, maana hilo ni kosa.

Wasomaji kutoka jamii za walio wachache huuliza mbona cheti hakiwatambui. Ni kweli kwamba cheti kina makundi matatu tu na hakiulizi kabila. Mama wa jamii ndogo huingia kama mwanamke, na kijana wa miaka 18 hadi 35 huingia kama kijana. Hata hivyo Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka Serikali iwape walio wachache na waliotengwa fursa maalumu za kiuchumi, na kifungu nilichotaja hapo juu hakiishii kwa makundi matatu. Kinataja pia makundi mengine yasiyojiweza. Afisa wa ununuzi anayesema mikono yake imefungwa hajakisoma hadi mwisho.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe. Ili biashara isajiliwe, angalau asilimia 70 ya umiliki iwe ya kundi linalohusika, na uongozi wote, yaani asilimia 100, uwe mikononi mwao. Mwenye kampuni kubwa asiyetimiza masharti hayo humwendea mwenye cheti, wakakubaliana atumie jina lake, kisha fedha zikiingia mama anapewa kitu kidogo cha ahsante. Dalili zake tunazijua. CR12, hati rasmi ya wamiliki na wakurugenzi wa kampuni, inaonyesha mkurugenzi ni mama, lakini nambari ya simu kwenye fomu si yake, anayetia sahihi benki ni mtu mwingine, na akiulizwa bei ya bidhaa anayodaiwa kuuza, anaomba kwanza apige simu.

Wengi huona huo ni msaada kati ya watu wanaofahamiana. Huo ni udanganyifu. Akitiwa hatiani chini ya kifungu cha 176 cha sheria hiyo ya 2015, mtu binafsi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni, faini isiyozidi shilingi milioni 10. Juu ya hayo, kifungu cha 41 kinaruhusu kufungiwa kushiriki zabuni za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu. Na jina lililo kwenye hati ni la nani? Ni la mama. Aliyemtumia hana sahihi popote, naye mwezi ujao atatafuta cheti kingine. Kila zabuni inayopita njia hiyo imetolewa kwenye ile asilimia 30, kisha taasisi inaripoti kwamba akina mama wamepata.

Kwa wanaoshindana kwa haki, kinachowaangusha mara nyingi ni karatasi. Kurasa zote za zabuni zipewe nambari kwa mfuatano, pamoja na viambatisho. Ukiruka ukurasa mmoja, umempa mtathmini sababu. Cheti cha kodi cha KRA (mamlaka ya mapato) hudumu miezi 12 na cha AGPO miaka miwili, basi angalia tarehe kabla ya kufunga bahasha. Kwa zabuni zilizotengewa makundi haya huhitaji dhamana ya benki ya zabuni: kifungu cha 61(5) kinakuruhusu kujaza fomu ya tamko badala yake. Lakini fomu hiyo itiwe sahihi! Fomu tupu ni sawa na kutoiweka.

Kuhusu mtaji, usikimbilie mkopeshaji wa mtaani ukiwa na LPO (hati ya taasisi ya kuagiza bidhaa) mkononi. Kanuni zinaitaka taasisi iliyokupa kazi ithibitishe LPO hiyo na kuingia makubaliano ya pande tatu, wewe, taasisi na mkopeshaji, kwamba malipo yatapitia akaunti iliyofunguliwa kwa mkopeshaji. Hazina za Serikali za wanawake na vijana hutoa mikopo ya aina hiyo. Nakiri kwamba kuchelewesha malipo ndiko kunakoua biashara hizi, na hapo mlalamikaji yuko sahihi kabisa. Taasisi isiyolipa inamrudisha mama yule yule kwa wenye kukodi vyeti.

Ukishindwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ukiona sheria imevunjwa, peleka ombi kwa Bodi ya Rufaa ya ununuzi wa umma ndani ya siku 14 tangu upate barua au tangu kosa litokee. Bodi ina siku 21 za kuamua. Barua inayotufikia baada ya miezi miwili, hata iwe na hoja nzito namna gani, inakuta muda umekwisha na mara nyingi mkataba umeshatiwa sahihi.